Nimerudia kunywa baada ya kuacha tangu Ramadhani. Mpango nibadilishe wapi?

fundi_wa_mashine

Asalaam aleikum wakubwa na wadogo wa humu ndani. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Tanga. Kazi zangu nyingi ziko Deep Sea na Sahare, nyumbani ni Makorora. Nina mke na watoto.

Pombe niliizoea ujanani. Ilianza na mnazi, vikaja viroba vilipokuwa vinauzwa kila kibanda, na vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikahamia kwenye konyagi na gongo. Ramadhani ya mwaka jana niliacha. Wengi huacha kwa ajili ya mfungo na usiku wa Idi wanarudi. Mimi nilivuka Idi, nikavuka Idi Kubwa, nikavuka Maulidi.

Nilikuwa na mpango, nimeuandika nyuma ya daftari la kazi. Jumamosi na Jumapili sitoki baada ya magharibi. Hela ya wiki namkabidhi mke wangu kila Jumamosi. Njia inayopita kilabuni siipiti, nazungukia barabara ya pili. Hamu ikinijia nampigia kaka mmoja aliyewahi kukaa soba hausi, nyumba ya watu wanaoacha ulevi, yeye ndiye ananisimamia. Alhamisi usiku nakwenda darsa msikitini. Na ulifanya kazi. Mwili ulirudi, wateja walirudi, binti yangu mdogo akawa anaomba kunifuata kazini.

Sasa nimerudia. Nilikuwa nimemaliza mashine mbili za boti ya dagaa, nahodha akanilipa palepale ufukweni. Mabaharia wake walikuwa wamekaa tu chini ya mkungu, hawana kazi, chupa ziko katikati. Ilikuwa Jumanne mchana. Nikakaa nao. Asubuhi yake nikazimua, na baada ya hapo zikawa siku kadhaa mfululizo, hadi mke wangu alipokuja kunichukua. Tangu juzi sijagusa. Asubuhi mikono inatetemeka na usingizi hakuna.

Shemeji yangu anasema niurudie mpango uleule, ila nikaze. Jirani anasema mpango haufai kabisa, niingie soba hausi miezi kadhaa. Nikifunga kazi miezi hiyo wateja watahamia kwa mafundi wengine, na nyumbani pana michango ya shule. Nawauliza waliopitia: mtu akiteleza, anabadilisha nini na anabakiza nini? Kilichonisaidia sitaki kukitupa. Na sitaki kurudi kwenye jambo lilelile lililoniangusha.

zamu_ya_usiku

Waaleikum salaam kaka. Mimi ni muuguzi, siko Tanga siku hizi lakini nimefanya kazi huko. Mpango utasubiri, tuanze na mwili, maana umeandika kutetemeka na kukosa usingizi.

Mtu aliyekunywa mfululizo akikata ghafla, arosto huanza baada ya masaa 6 mpaka 24 tangu glasi ya mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, wasiwasi. Degedege, kama litakuja, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Halafu ipo hali mbaya zaidi, mtu anachanganyikiwa, anaona vitu visivyokuwepo, anapata homa. Hiyo huanza kati ya siku ya pili na ya nne, na inaua. Kama uliacha juzi, bado uko ndani ya muda huo.

Kwa hiyo nenda hospitali ya Bombo leo, na usiende peke yako. Waambie ukweli: ulikunywa nini, kiasi gani, kwa siku ngapi. Kama uliwahi kupata degedege ulipoacha zamani, hilo liwe la kwanza kulitaja. Wakiona inafaa watakupa dawa ya kutuliza kwa kipimo wanachokijua wao, pamoja na vitamini B1. Hizo dawa za kutuliza usijinunulie dukani. Zikikutana na pombe mwilini zinaweza kukuzuia pumzi ukiwa usingizini.

B1 msiidharau. Mnywaji wa miaka mingi huishiwa nayo, na upungufu ukiwa mkali unaharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Miguu ina ganzi, au inachoma usiku?

baharia_wa_zamani

Mdogo wangu, fuata kwanza alichosema muuguzi. Ukirudi hospitali usome haya.

Nimevua dagaa miaka mingi, Tanga, Moa mpaka Kipumbwi. Niliacha pombe nikiwa mtu mzima, nikarudia, nikaacha tena. Sasa niko Muheza na machungwa yangu. Mashine ikikuzimikia katikati ya maji huitupi, na huvuti kamba kwa hasira mpaka ikatike. Unauliza ilikuwa inafanya nini ilipozima. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Nina swali moja: siku ile mwezi wa angani ulikuwa wa siku ngapi?

Umesema Jumanne, na mpango wako wote umejengwa juu ya Jumamosi na Jumapili. Huo ni mpango wa karani wa ofisini. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mbalamwezi ikitawala, samaki hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinapanda pwani, mabaharia wanakaa bure siku nyingi. Na nahodha mwenye akili huzitumia siku hizohizo kutengeneza mashine. Kwa hiyo wewe kazi inakujaa wakati wenzako wote wamekaa. Unalipwa taslimu, ufukweni, katikati ya watu wasio na la kufanya. Jumamosi yako haimo humo.

Halafu angalia majira. Uliacha Ramadhani, nyuma yake ukaja upepo wa kusi, bahari chafu, vyombo vidogo vinatoka kwa kubahatisha. Mpango ulipata nafasi ya kupumua. Bahari ilipotulia dagaa wakarudi, na hela ikarudi na mikono ya watu.

Chukua daftari lako la kazi, liweke pembeni ya kalenda ya Kiislamu, kisha uniambie umeona nini.

fundi_wa_mashine

Nimetoka Bombo, nilikwenda na mke wangu. Wamenipima presha na damu, wamenipa dawa za siku chache na B1, na wamenitaka nirudi kliniki. Dada muuguzi, ndiyo, miguu inachoma usiku, hasa nyayo. Nilidhani ni kusimama majini. Nimewaeleza.

Kaka baharia, nimekaa na daftari tangu alasiri. Siku ile mwezi ulikuwa kumi na nne. Nikarudi nyuma. Kuna siku nilimpigia msimamizi wangu mikono ikinitoka jasho, nimesimama nje ya kibanda cha gongo na hela mfukoni. Nikaitafuta kwenye daftari kwa mashine niliyofunga siku ile: mwezi kumi na tano. Kuna nyingine nilitoka Sahare kwa miguu mpaka nyumbani, nikawaacha watu na pikipiki yangu, kwa sababu walikuwa wameshanishikia glasi. Mwezi kumi na tatu. Zote ziko katikati ya mwezi, hakuna hata moja iliyoangukia Jumamosi. Niliishi na jambo hili mwaka mzima bila kuliona, na ni mimi mwenyewe niliyekuwa naziandika tarehe.

mpita_njia_wa_duga

Pole ndugu. Mbona mnajichosha na kalenda? Ipo dawa ya kuacha pombe, mke anaitia kwenye chai mume asijue. Akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia mwenyewe. Binamu yangu aliacha hivyo.

zamu_ya_usiku

Ndugu yangu wa Duga, najua umesema kwa nia njema, lakini hilo naomba lisifanywe na mtu yeyote anayesoma hapa.

Ipo dawa ya hospitali inayoitwa disulfiramu. Inazuia mwili kumalizia kuivunja pombe, sumu ya katikati inajikusanya, mtu anawiva uso, anatapika, moyo unakwenda mbio, presha inaweza kushuka vibaya. Inatolewa kwa mtu aliyekubali, anayejua anachomeza, aliyepimwa moyo na ini, na ambaye amekaa angalau masaa 12 bila pombe. Nguvu yake inaweza kubaki mwilini mpaka wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Mtu akitiliwa kwenye chai bila kujua, kisha akanywa konyagi chupa nzima, anaweza kufa mezani. Na ile ya unga inayouzwa mitaani, nani anajua imechanganywa na nini?

Fundi, kwenye kliniki yako unaweza kuwauliza kuhusu dawa zinazosaidia. Naltreksoni inapunguza raha ambayo pombe inampa mtu, na wengi hamu yao hupungua. Haimfai mwenye ini lililoharibika sana, wala anayetumia tramado au methadoni. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Waulize kipi kinapatikana na kipi kinakufaa wewe.

Na niongeze juu ya alichokuonyesha baharia. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Washington, alichunguza watu walioacha wakarudia, akatazama walikuwa katika hali gani dakika ile. Mambo matatu yalichukua sehemu kubwa: moyo mzito mtu akiwa na mawazo yake, ugomvi na mtu, na msukumo wa wenzake. Wewe siku ile ulikuwa kwenye la tatu. Lakini la asubuhi yake Marlatt alilitazama peke yake. Glasi ya Jumanne ililetwa na ufukwe. Ya Jumatano ililetwa na lile wazo la kwamba nimeshaharibu, basi. Ndilo linalogeuza jioni moja kuwa wiki nzima. Kwenye mpango wako sijaona popote palipoandikwa ufanye nini asubuhi ya pili. Panahitajika.

mama_wa_ngamiani

Kaka yangu, nimesoma yote. Mimi naandika nikiwa upande wa mkeo, kwa sababu mume wangu amepita njia hiyo na sasa hanywi tena.

Aliporudia mara ya kwanza nikawa askari wa nyumba. Nanusa shati, napekua mifuko, nahesabu dakika za kutoka kazini. Nilikuwa naogopa, na hofu ile haikunisaidia mimi wala yeye. Akaanza kuchelewa kurudi kwa sababu ya kunikwepa mimi, na mtu anayekwepa nyumba yake ataonekana wapi?

Tulikaa tukakubaliana mambo machache. Moja ni la hela. Hapo awali alikuwa ananipa zote, na kila siku tunagombana, kwa sababu yeye ni fundi kama wewe, anahitaji hela ya spea asubuhi na mimi namuuliza ya nini. Sasa mteja anatuma kwenye simu yangu, ya spea tunaiacha kwenye laini ya mwenye duka la spea, analipwa moja kwa moja. Mkononi habaki na noti. Kaka, usimkabidhi mkeo ulinzi wote halafu umlaumu akilinda.

La pili ni neno. Hamu ikimjia ananiambia "leo pamechafuka", basi, mimi simuulizi kwa nini wala wapi. Naweka chakula, tunakaa. Zamani alikuwa anaona aibu kusema "natamani pombe" mbele ya mke, na aibu hiyo ndiyo iliyokuwa inampeleka kilabuni. Sasa analisema hata mbele ya mama mkwe na hakuna anayeelewa.

Na chakula msikifanye kidogo. Njaa, hasira, upweke na uchovu, wanaoacha pombe huambiwa wavichunge hivyo vinne. Mume wangu akifika saa kumi hajala, najua jioni yetu itakuwa ngumu.

fundi_wa_mashine

Dada yangu wa Ngamiani, nimemsomea mke wangu maneno yako akanyamaza, kisha akaniambia nikushukuru. Nakushukuru.

Nimeandika upya, nauweka hapa mniambie pana tundu wapi.

Yanayobaki: darsa ya Alhamisi, msimamizi wangu, kuzungukia barabara ya pili. Ya Jumamosi siifuti, ila siyo nguzo tena.

Kuanzia tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Kiislamu mpaka kumi na nane sifanyi kazi ufukweni. Mashine inaletwa nyumbani Makorora kwa bajaji au mkokoteni, gharama tunagawana na mteja. Nina kibaraza na pipa la kujaribia mashine, linatosha. Nimeshazungumza na manahodha ninaowaamini, wengi wamekubali, mmoja amecheka, na yule ndiye anayenipa kazi nyingi kuliko wote. Anataka nimfuate chomboni. Kwa huyo bado sijajua nifanyeje.

Malipo yaende kwenye simu ya mke, na ya spea kwa mwenye duka, kama mlivyosema.

Asubuhi ya pili: ikitokea nimekunywa, Mungu aepushe, kabla ya saa mbili nimpigie msimamizi, na mke wangu ampigie pia bila kuniuliza. Kazini siendi siku hiyo. Nikiwa nimekunywa zaidi ya siku moja nakwenda hospitali, sikati mwenyewe nyumbani.

Na kuna jambo limenijia, naomba rai zenu. Tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano za kila mwezi ni masiku meupe, ni sunna kuyafunga. Ndizo siku zangu mbaya kabisa. Ramadhani ilinishika kwa sababu mji mzima ulikuwa umefunga, ufukweni hakuna anayefungua chupa mchana, magharibi kila mtu anakimbilia nyumbani kwake. Nikifunga siku hizo tatu nitakuwa na sababu ya kukataa glasi ambayo hakuna baharia wa Tanga atakayenibishia, na magharibi futari itanirudisha nyumbani. Mke wangu amesema atafunga na mimi.

zamu_ya_usiku

Kaka, ni wazo zuri na linatoka kwenye maisha yako mwenyewe. Lakini siyo mwezi huu. Mwili wako umetoka kwenye arosto juzi tu, unameza dawa, nyayo zinachoma, unahitaji maji na mlo kamili. Waulize kliniki lini utaruhusiwa kufunga. Hata ukiruhusiwa, kumbuka alichosema dada kuhusu njaa. Saa kumi na moja jioni, tumbo tupu, umechoka na mashine, ni saa ngumu. Saa hiyo uwe umeshafika nyumbani, siyo njiani.

Na ikitokea swaumu imekushinda siku moja, ukala, usichukulie kwamba siku hiyo imekwisha haribika na lolote linaruhusiwa. Swaumu na pombe viwe vitu viwili mbalimbali kichwani mwako.

baharia_wa_zamani

Nakubaliana na muuguzi. Mwezi huu mke afunge akitaka, wewe mpikie futari. Kazi hiyo itakurudisha nyumbani mapema vilevile.

Mpango una tundu moja, nalo ni huyo nahodha. Mtu anayekupa kazi nyingi kuliko wote, mwezi ukiwa kumi na nne, anataka umfuate chomboni: huyo ana uzito kuliko Jumamosi zako zote. Usimwache kwa hasira, maana hela yake inakwenda kwenye michango ya watoto. Mwambie mashine zake utazipitia gizani, mwezi ishirini na tano kuendelea, asubuhi vyombo vinaporudi na mabaharia wanataka kulala. Mashine haisubiri mbalamwezi kutengenezwa, ni mazoea tu. Wala hapati hasara: ukiipitia kila giza, haitamzimikia baharini msimu ukiwa umechanganya. Na mshirikishe tajiri wa chombo. Nahodha anatumia mashine, lakini anayenunua mpya ikifa ni tajiri.

Akikataa kabisa, mpeleke kijana wako wa kazi siku hizo, ulipwe kidogo. Soba hausi usiifute kichwani. Miezi miwili mitatu ya mbalamwezi ikipita na mpango huu ukashindwa, hapo jirani yako atakuwa na hoja, na wateja watasubiri wakijua unarudi mzima.

fundi_wa_mashine

La tajiri sikulifikiria. Namfahamu, ni mtu wa swala, na mashine ya mwisho ilimgharimu sana. Kesho baada ya adhuhuri nitamfuata Chumbageni, nimweleze ratiba ya giza na bei ya kuzipitia kila mwezi, bila kumtajia pombe. Kijana wangu anaweza plagi, mafuta na kabureta, giaboksi bado, kwa hiyo mashine nzito za huyo nahodha zitangoja giza hata asipopenda.

Kliniki narudi wiki ijayo. Nitawauliza ile naltreksoni, funga, na hizi nyayo. Nitaandika hapa watakachonijibu.